Salamu Zilizoteremka Bungoma

Mwanangu, keti nikusimulie Jumapili moja ya Desemba niliposimama mbele ya kanisa zima, huko juu karibu na Endebess, nikawanyima watu salamu zao za Krismasi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa daktari kijana, msichana aliyetoka chuo kikuu moja kwa moja, nimepangiwa kazi katika kituo cha afya kwenye njia ya kupanda Mlima Elgon. Nilipanga chumba Kibomet, mjini Kitale, na kila asubuhi gari la kituo lilinipandisha pamoja na masanduku ya chanjo. Nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao sijapona mpaka leo: kuuliza. Niliuliza kwa nini wagonjwa walipangwa foleni kwa jinsi walivyofika, si kwa jinsi walivyoumwa. Nilimwuliza mchungaji kwa nini tuliombea mvua mwishoni mwa Machi, wakati ambapo mvua hunyesha hata isipoombwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kama ni werevu. Hilo wamemwachia kila mtu alitafute mwenyewe.

Kituo chetu kilikuwa na desturi. Jumapili moja ya mwanzo wa Desemba, kabla watu hawajaanza kusafiri, sisi sote, wauguzi, mkunga, mtu wa maabara, hata dereva, tulivaa nguo nyeupe za kazi zilizopigwa pasi tukaingia kanisani. Wakati wa matangazo tuliitwa mbele. Sista Rebeka alikuwa muuguzi mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Mimi nilikuwa na cheti kikubwa kuliko chake, lakini mwenye kituo alikuwa yeye, na kila mtu alijua. Ndiye aliyesema maneno yale yale ya kila mwaka: "Sisi wahudumu wa afya tunawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya tele." Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, nasi tukarudi na kuku, maziwa na maharagwe.

Mimi sikuipenda desturi hiyo.

"Sista, hizi salamu zinatibu nini?" nilimwuliza mwaka wangu wa kwanza.

"Zinatutibu sisi," akacheka. "Mwaka mzima tunawachoma watu sindano. Si tuonekane wanadamu siku moja?"

Lilikuwa jibu zuri, lakini halikunitosha. Waliotupigia makofi ndio hao hao tuliowakuta mlangoni alfajiri, wamejifunga mablanketi, na wengine wakarudi nyumbani bila dawa kwa sababu dawa hazikuwapo. Niliona tunawatakia watu kitu ambacho sisi ndio tuliopaswa kuwapa.

Sasa kuna jambo moja kuhusu nchi ile ambalo lazima ulijue, la sivyo hutanielewa. Kitale na kupanda Endebess ni baridi. Mbu walikuwa wachache, na malaria ilikuwa ugonjwa wa kusimuliwa. Lakini wengi wa watu waliofanya kazi katika mashamba ya mahindi kule juu walikuwa wamezaliwa chini, Bungoma, kwenye joto na mito na madimbwi. Mahindi yakishavunwa na shule zikishafungwa, waliteremka. Walinunua mikate, sukari na blanketi la mama katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko, mke na watoto wakatangulia, baba akafuata karibu na Krismasi. Mkataa kwao ni mtumwa, na hakuna aliyetaka kuitwa hivyo mwezi wa Desemba.

Mtoto aliyezaliwa Bungoma huumwa malaria tangu akiwa mgongoni. Akipona mara kadhaa, mwili wake unaanza kuizoea, na mara nyingi homa humjia ikapita. Mtoto aliyelelewa kwenye baridi hana mazoea hayo. Anateremka, anacheza na binamu zake, analala nao mkeka mmoja kwa bibi, mbu wanawauma wote sawasawa. Wenzake wataumwa, wataamka. Yeye huenda asiamke. Tuna methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeigeuza methali hiyo mara nyingi. Bungoma, wakati wa Krismasi, mwenyeji alikuwa mzima, na aliyeugua alikuwa mgeni.

Nililijua hilo kwa kichwa tangu chuoni. Januari yangu ya kwanza kituoni nililijua kwa mikono. Barasa, dereva wa trekta katika shamba la jirani, alikuja mbio na mkewe wakiwa wamembeba binti yao Nanjala, mtoto mdogo ambaye hata shule hakuwa ameanza. Walikuwa wamerudi kutoka nyumbani. Walidhani homa ni uchovu wa safari, kisha wakadhani ni baridi ya huku juu imempiga. Tulifanya yote tuliyoweza kufanya. Alikufa kabla ya saa sita mchana, nje watu wakiendelea kuitana majina kwenye foleni.

Baadaye nilimwuliza mama yake, kama kawaida yangu. Homa ilianzia wapi? Ilianzia kwa bibi yake. Bibi alifanya nini? Alimpangusa kwa maji, akampa uji, akangoja. Alingoja kwa sababu wanawe wote na wajukuu wake wote wa kule aliwalea hivyo, na wote wako hai. Hapakuwa na uzembe ndani yake, mwanangu. Nataka ulishike hilo. Yule mama mzee alifanya kitu kilichokuwa sahihi kwa watoto wote aliowahi kuwajua, isipokuwa mmoja. Nanjala alirudishwa Bungoma akazikwa kando ya nyumba ya bibi huyo, na mama yake akaendelea kuitwa Mama Nanjala, kwa maana ndivyo mwanamke huitwa kwetu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, awepo asiwepo.

Krismasi iliyofuata Barasa hakuteremka. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, Wekesa, aliyezaliwa wakati wa mavuno kama jina lake lisemavyo. Ya tatu ndiyo ninayokusimulia. Wekesa alikuwa ameanza kutembea, mnene, hamwogopi mtu, na bibi yake alikuwa bado hajamtia machoni.

Basi Jumapili ile Sista Rebeka alinisukuma mbele. "Mwaka huu daktari aseme. Mimi nimechoka kusikia sauti yangu."

Nikasema, "Ndugu zangu, leo sina salamu. Nina neno moja tu. Msiwapeleke watoto Bungoma Krismasi hii." Nikawaeleza juu ya mbu, nikaeleza juu ya damu na mazoea ya mwili, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza.

Kisha mwanamume mmoja nyuma akauliza, "Ati tusiende wapi?"

"Bungoma. Watoto wasiende."

"Sasa Krismasi tukae huku tukule baridi?"

Wakacheka. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Mwacheni, bana. Huyo hana mtoto wa kupeleka." Wakacheka zaidi, na mchungaji akainamia Biblia yake ili asionekane.

Kisha Barasa akasimama, Wekesa mkononi. Yeye hakucheka.

"Daktari, mamangu hajamwona huyu. Akifa kabla ya kumwona, utakuja kumwambia kaburini kwamba ni wewe ulikataza?"

Akaketi. Hapakuwa na kicheko tena, na hapakuwa na makofi. Tulitoka mbele, na mwaka huo hatukupewa hata yai.

Sikujuta nilichosema, wala leo sikijutii. Kilikuwa kweli, na kweli haipungui kwa kuchekwa. Ila niliona waziwazi kwamba haikuwa imemfikia mtu.

Nje, Mzee Makokha alinisubiri akiwa ameshika baiskeli yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, ambaye alizungumza kana kwamba maneno hununuliwa.

"Binti, njoo. Umesimama mbele ya watu, hujawaambia hata mulembe."

Mulembe ni amani, na ndiyo salamu yetu Wabukusu. Nikamjibu kwamba nilikuwa na jambo la haraka.

"Haraka gani? Nyumba ya jirani ikiungua, bado unamwita jina lake kwanza, ndipo umwambie moto. Usipomwita atajuaje ni yeye unayemwambia?" Akatikisa kichwa. "Halafu, hao uliowaambia, Krismasi wanakaa na mtoto? Mama anachota maji, anapika. Baba anazunguka kwa wajomba. Mtoto ni wa kukhu."

Kukhu ndiye bibi, kwa Kibukusu.

"Umemwambia kukhu nini?"

"Mzee, kukhu yuko Bungoma. Sijawahi hata kumwona."

"Si umsalimie basi. Njia ya kwenda nyumbani haifungwi, binti. Anayepita ndiye anapewa ujumbe." Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Wazee wa aina hiyo, mwanangu, huondoka kabla hujawauliza swali la pili. Nami nilikuwa nalo. Ujumbe unaobebwa mdomoni hubadilika njiani. Salamu ndefu ya mtu huondoka Kitale ikiwa na habari ya ng'ombe, mgonjwa na harusi, na ikifika Bungoma imebaki "wanakusalimu tu, wako wazima." Nilimwambia Sista Rebeka hivyo kesho yake.

"Basi tuifanye fupi," akasema.

Tulikaa kwenye benchi la kliniki tukabishana juu ya sentensi chache kama watu wanaotunga sheria. Mimi nilitaka tuanze na homa. Yeye alisema tusipoanza na heri, kukhu atasikia amri, na mama mzee haamriwi nyumbani kwake. Mimi niliona heri ni kupoteza nafasi. Alishinda yeye, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujaribu njia yangu mbele ya kanisa zima. Salamu zenyewe zikawa hivi: "Kukhu, watu wa kituo cha afya wanakusalimu, wanakutakia Krismasi njema. Mgeni wako amelelewa kwenye baridi, hajazoea mbu wa kwenu. Akipata joto, usilale nalo. Apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo."

Kila mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito alizirudia mbele yetu kabla ya kwenda. Walicheka, wakaongeza zao. "Na kukhu atuchinjie kuku!" Lakini walizishika.

Mama Nanjala hakuja. Siku zilipita, na tulisikia kwamba alikuwa anafungasha. Mimi na Sista tukaenda kwenye kambi ya wafanyakazi wa lile shamba, nyumba za mabati zilizopangwa mstari mmoja, tukamkuta akifua mablanketi kwenye karai.

"Mulembe, Mama Nanjala," nikasema. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

"Mulembe, daktari. Kama umekuja kunikataza, baba Wekesa ameshasema tunaenda."

"Sikuja kukukataza. Tumekuja na salamu za kumpelekea mama mkwe wako."

Sista akazisema zote. Mama Nanjala alisikiliza huku akikamua blanketi, akalikamua mpaka halikuwa na maji tena, bado akalikamua.

"Hizo siwezi kubeba."

"Kwa nini?" Hilo lilikuwa swali langu, bila shaka.

"Nikifika nimwambie mama mkwe akipata joto usingoje, yeye atasikia nini? Atasikia ninasema yeye ndiye alimwua Nanjala. Toka tumzike, hajawahi kuja huku. Anatuma tu ndizi na mtu. Mimi sijamwambia kitu, yeye hajaniambia kitu. Nikisema hilo neno, ile nyumba imekwisha."

Nilisimama pale na elimu yangu. Miaka yote hiyo nilidhani kilichosimama kati ya mtoto na dawa ni kutojua. Mama Nanjala alijua. Alijua tangu siku ile nilipouliza maswali yangu kituoni, akayajibu moja moja. Jibu nililolipata lilikuwa la kweli, nikaliandika, nikaenda kunywa chai. Yeye alienda nalo nyumbani, akakaa nalo mdomoni asiweze kulitema wala kulimeza, kwa sababu mke wa mtoto hamwambii mama mkwe jambo kama hilo. Na sasa alikuwa anampeleka Wekesa kulala kwenye mkeka ule ule.

Sista Rebeka ndiye aliyepata njia. "Wasema mjumbe hauawi. Labda, lakini mke wa mtoto huuawa kila siku. Usiseme wewe. Daktari kwao si ni Chwele, huko huko Bungoma? Krismasi anateremka njia hiyo hiyo. Apite awasalimie."

"Mimi?"

"Wewe. Jumapili nzima umemaliza bila kumsalimu mtu. Nenda ukasalimu."

Mama Nanjala aliweka blanketi kwenye kamba, akafikiri. "Akija kama mgeni wa Krismasi, ni sawa. Mgeni anaweza kusema." Kisha akanitazama usoni. "Lakini usianze na Nanjala."

"Sitaanza naye," nikasema.

Niliwafikia mchana wa mkesha wa Krismasi. Boma lilikuwa limefagiliwa, watoto wengi wakikimbiza gurudumu la baiskeli, na Wekesa alikuwa miongoni mwao, amejaa vumbi, mzima. Kukhu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameketi kwenye kigoda akipepeta wimbi wa kutengenezea busaa, pombe yetu ya kienyeji.

"Wewe ndiye daktali?" Alisema daktali, kama wengi kwetu.

"Ndimi, kukhu. Mulembe."

"Mulembe, mwanangu. Umeolewa wapi?"

"Bado."

"Bado! Na kusoma kote huko?"

"Kusoma ndiko kumenichelewesha, kukhu."

"Basi kunywa chai. Hiyo haijachelewa."

Tukasalimiana salamu zetu za nyumbani, ambazo hazina haraka. Aliuliza mahindi ya juu, mvua, ng'ombe wa baba yangu, ukoo wa mama yangu, akagundua kwamba shangazi yake aliolewa upande wetu, kwa hiyo nilikuwa mjukuu wake kwa njia fulani. Nilitamani kuyaruka hayo yote. Sikuyaruka. Sina ushahidi kwamba yalikuwa ya lazima. Nina ushahidi tu kwamba bila hayo nilikuwa nimeshindwa.

Ndipo nikampa salamu za kituo, neno kwa neno. Mama Nanjala alikuwa mlangoni pa jiko, kisu mkononi, hamenyi tena ndizi.

Kukhu aliacha ungo mapajani. "Hizi salamu mumenitumia mimi peke yangu?"

"Hapana. Kukhu wote wenye wajukuu wanaotoka juu."

"Wote?"

"Wote, kukhu. Kila mama aliyeteremka amebeba."

Akashusha pumzi. Kisha akasema mwenyewe, bila mtu kumwuliza, "Yule mwingine nilimngoja. Nilidhani ni hii homa yetu. Yetu huwa inapita."

Mama Nanjala akaweka kisu chini.

"Hakuna aliyekuwa amekuambia," nikamjibu. "Sisi wa kituo tulijua, wala hatukutuma neno. Tulikuwa tunawatakia tu Krismasi njema."

Hayo sikuyasema ili kumfariji. Mimi si mtu wa kufariji, na hata wakati ule sikuwa. Niliyasema kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kweli, na nilishangaa kwamba sikuwahi kuyasema kabla ya kuketi mbele ya kile kigoda. Kukhu aligeuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mama Nanjala, niletee huyo kijana. Aje aniambie mwenyewe kama mimi ni mtu mbaya."

Wekesa aliletwa, akamtazama bibi yake, akatia mikono miwili kwenye ungo na kumwaga wimbi wote chini. Kukhu akapiga kelele, watoto wakacheka, na Mama Nanjala akapiga magoti kuokota. Mama mkwe naye akapiga magoti upande wa pili. Niliwaacha wakiokota, nikaenda kwetu kula kuku.

Mwanangu, huenda unadhani hapo ndipo hadithi inapoishia, watu wawili wamepatana juu ya wimbi. Kupatana ni kuzuri, lakini mbu hana habari nako. Januari ilipofika nilimwona Barasa akiingia kituoni, na kwa muda sikutaka kutazama kama amebeba mtu. Alikuwa amembeba Wekesa mabegani, amekonda kidogo, anavuta masikio ya baba yake.

"Daktari, mamangu anakusalimu."

"Mulembe. Wekesa aliugua?"

"Aliugua, tena sana. Ilikuwa mchana, baada ya Krismasi, watu wamekaa wanakunywa. Mamangu akamshika, akasema ana joto. Mimi nikasema tungoje jioni, si ni jua tu? Daktari, alinitupia mwiko. Ati, 'Salamu zimesema siku hiyo hiyo!' Mbele ya wajomba!"

Sista Rebeka alicheka mpaka akashika mzani. Barasa naye akacheka, kisha akaacha.

"Tukaenda zahanati ya karibu. Kufuli. Mlinzi akasema daktari ameenda kwao Krismasi. Tukapanda baiskeli hadi Bungoma mjini, mimi na mtoto na mama yake. Tukageuka nyuma tukaona mamangu anatufuata kwa miguu. Tulifika mtoto ameanza kutetemeka, macho yamegeuka. Wakamshika. Wakasema tungechelewa kidogo tu…" Alimshusha Wekesa akamweka chini. "Sasa mama amenituma. Nimerudia njia nzima nisisahau. Anasema: Mwambie daktari salamu zake nimezipokea na sikungoja. Lakini mwambie tulikuta kufuli. Siku nyingine wakitutakia Krismasi njema, mmoja wao abaki."

Mimi mwenyewe siku ile ya kufuli nilikuwa Chwele, miguu juu ya kiti. Sista alikuwa kwao. Kituo chetu wenyewe tulikuwa tumemwachia mkunga na mlinzi, na kama Wekesa angeugulia huku juu, sijui tungempa nini. Nilikuwa nimehoji foleni, mvua, mchungaji na salamu. Swali la nani anabaki sikuwahi kuliuliza, kwa sababu jibu lake lingeweza kuwa mimi.

Desemba iliyofuata tuliingia kanisani tena kwa nguo nyeupe. Nilisalimu. Niliwatakia watu Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya, nikawapa salamu za kuwapelekea kina kukhu, kisha nikaongeza kwamba siku yenyewe ya Krismasi, kituo kitakuwa wazi na dawa ya malaria ipo.

"Na atabaki nani?" akauliza yule mama wa kwaya.

"Mimi."

"Basi hiyo ni Krismasi," akasema. "Tutakuletea chapati."

Usiniambie kwamba tuliimaliza homa ya Januari. Hatukuimaliza. Salamu nyingine zilipotea njiani, kama nilivyohofia. Kuna watoto tuliochelewa nao, na miaka ya tisini hata ile dawa tuliyoitegemea ilianza kushindwa, tukalazimika kujifunza upya. Nimefanya kazi hii muda mrefu kiasi cha kutoamini hadithi ambamo neno moja linaokoa kijiji. Lakini nilimwona Wekesa akianza shule. Nilimwona kukhu akipanda gari kuja Kitale kumtembelea mke wa mwanawe, na mkungu wa ndizi alioubeba mwenyewe.

Wewe sasa unaenda kuvaa koti jeupe, na najua unavyowatazama wakubwa wako wakisoma hotuba za sikukuu. Unawaona wanatakia watu mambo. Endelea kuwatilia shaka, sitakukataza. Lakini shaka yako isikufanye upite watu bila kuwasalimu, kwa maana aliyebeba huzuni hawezi kupokea kweli yako mpaka umpe mahali pa kuishikia. Mtafute anayekaa na mtoto, si anayeketi mbele ya kanisa. Ukiwa na neno gumu, litume kwa namna ambayo mwenye kulibeba hatavunja nyumba yake kwa kulifikisha. Na siku utakapoambiwa uwatakie watu afya njema, jiulize kwanza funguo za kituo ziko kwa nani. Kama hakuna atakayebaki, nyamaza, au baki wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono myepesi na masikio mazito kwa sifa. Akupe dawa kwenye kabati, watu wa kazi wenye kicheko, na wazee watakaokukemea mapema. Mlango utakaousimamia uwe wazi, na kila mtoto atakayepitishwa hapo arudi kwao akivuta masikio ya baba yake.